Hofu na imani: maswali tunayoulizwa kila wiki hapa Tanga

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Haya ni maswali ambayo watu wanatuuliza baada ya maombi ya Jumatano, wengine wanatutumia meseji saa nane za usiku kabisa maana ndo muda ambao hofu inawabana, na tumeona mengi yanajirudia sasa tuyaweke sehemu moja ili hata yule anayeona aibu kuuliza apate jibu. Sisi sio madaktari, ni kikundi cha maombi na ushauri hapa mjini, tunakaa na watu, tunawasikiliza, tunafungua Biblia. Penye mambo ya hospitali tumesema wazi nenda hospitali.

Nimeokoka lakini bado naogopa, je natenda dhambi?

Hapana ndugu yangu. Mwili wako umeumbwa uogope, ukikanyaga karibu na nyoka kule shambani Pongwe moyo unaenda mbio na mguu unaruka kabla hata hujafikiria kitu, na hiyo imekuokoa. Bwana Yesu mwenyewe kule Gethsemane alifadhaika sana, Luka anasema hari yake ilikuwa kama matone ya damu, na hakuna anayeweza kusema Yesu alikosa imani usiku ule. Paulo naye anawaandikia Wakorintho kwamba alifika kwao na udhaifu na hofu na kutetemeka kwingi. Huyo ni Paulo!

Shida inaanza pale hofu inapoanza kukuamulia: usipite njia ile, usimsalimie yule, nenda ukanunue kile, usilale mpaka ufanye hivi. Sisi tunasema hapo umeanza kuilipa hofu. Na hofu ni kama ile mikopo ya kausha damu, unapeleka rejesho leo unapumua kidogo, kesho wanarudi, unapeleka tena, na deni lenyewe liko pale pale halijapungua hata shilingi. Kwa hiyo mkija kwetu hatuwaulizi sana "unaogopa nini", tunauliza "hofu hii unailipa kwa kitu gani?" Majibu mengi hapa chini yanarudi hapo hapo.

Ni kweli "usiogope" imeandikwa mara 365 kwenye Biblia, moja kwa kila siku?

Hilo linasambaa sana kwenye magrupu na tunajua wanaolisambaza wana nia njema, lakini ukikaa ukahesabu haifiki huko. Sasa mtu akija kugundua hesabu sio kweli anaanza kutilia shaka na mengine, ndo maana tunawaomba msiitumie. Neno lenyewe limeandikwa mara nyingi vya kutosha, kwa Abramu, kwa Hagari jangwani na mwanawe anakaribia kufa kwa kiu, kwa Yoshua, kwa Mariamu, kwa wachungaji wa kondoo usiku ule. Na ukiangalia wote hao waliambiwa hivyo wakati jambo la kuogopesha liko mbele yao bado, halijaondolewa.

Mimi ni mwalimu, nimehamishiwa Tanga natokea bara, kila mtu ananiambia huko kuna majini na uchawi. Nimefika lakini usingizi sipati. Nifanyeje?

Karibu sana Tanga mwalimu. Hili swali tunalipata kila mwaka wakipangwa watumishi wapya, na tunalijibu kwa urefu kwa sababu tumeona watu wakiomba uhamisho hawajamaliza hata muhula mmoja.

Kwanza, nani alikwambia? Mara nyingi ni watu ambao Tanga hawajawahi kukaa, wamesikia tu kwenye basi, mwenzako wa ofisini kacheka akasema "ukienda huko uangalie", na wewe ukaibeba hiyo kauli njia nzima, Segera, Muheza, mpaka unashuka stendi tayari umeshaamini. Alafu paka akilia usiku juu ya bati unajua ndo hao. Lakini paka analia hata Singida, tofauti ni kwamba kule hukuwa umeambiwa.

Pili, hatukwambii kwamba ulimwengu wa roho haupo, Biblia haisemi hivyo na sisi hatusemi hivyo. Tunachosema ni kile Paulo anachowaambia Wakolosai, kwamba msalabani Kristo alizivua enzi na mamlaka na akazifanya kuwa mkogo hadharani. Zimeshashindwa. Kwa hiyo Mkristo anayekaa Ngamiani analindwa na Mungu yule yule anayemlinda Mkristo wa Dodoma, hakuna mkoa ambao Bwana hana uwezo nao, na ukifikiri hivyo ndo unaanza kuwapa majini heshima ambayo ni ya Mungu.

Tatu, na hili ndo la kazi kweli kweli, angalia unailipaje. Unalala na taa inawaka? Umeacha kusalimiana na majirani? Chakula cha watu huli, ukialikwa unatoa udhuru? Kila ukifanya hivyo unapata nafuu ya usiku mmoja na kesho hofu imeongezeka, kwa sababu umeiambia akili yako "nimepona kwa sababu sikula kwa mama fulani". Anza kidogo kidogo kuacha kulipa. Wiki hii salimia jirani wa kulia na wa kushoto, kwa jina. Wiki ijayo kaa nao barazani robo saa, kahawa inapita pale jioni, kunywa. Kabla ya kulala soma Zaburi ya 4 mstari wa mwisho ule wa kulala kwa amani, omba, zima taa. Siku za mwanzo itakuwa ngumu, moyo utadunda, uache udunde, utatulia wenyewe. Tumewaona wengi, walimu, manesi, askari, waliokuja wanatetemeka na saivi wanaitwa wagosi, yaani wenyeji wa Tanga, na hawataki kuondoka.

Nikilala kitu kinanikaba, nasikia kila kitu lakini siwezi kusogea wala kupiga kelele. Hicho sio jini?

Tunajua inavyotisha, unahisi kabisa kuna mtu chumbani, kifua kizito. Madaktari wanalielezea hivi: ukiwa unaota, ubongo unazuia misuli isisogee ili usije ukarusha mikono na miguu ukajiumiza, sasa kuna wakati unaamka macho na akili kabla misuli haijaachiwa, na ndoto bado inaendelea nusu nusu. Inachukua sekunde au dakika chache inaisha. Inawapata zaidi wanaolala kidogo, wanaobadilisha shifti kama walinzi na vijana wa bandarini, wenye mawazo mengi na wanaolala chali.

Kwa hiyo lala kwa wakati, lala ubavu. Ikikutokea usipigane nayo, jaribu tu kusogeza kidole kimoja, na moyoni useme jina la Yesu, taratibu. Mungu ni wa usiku pia na mwili huo unaozubaa ni kazi ya mikono yake. Lakini ikiwa kila wiki na mchana unasinzia hovyo, muone dokta.

Nilishaenda kwa mganga na hirizi bado ninayo kiunoni. Naogopa kuivua.

Hapa hatukugombezi, wengi waliopo kwenye kikundi wamepita huko na baadhi walikuwa wanaimba kwaya huku wamevaa. Unaogopa kuivua kwa sababu uliambiwa ukiivua utakufa au mtoto ataugua, na huo ndo mfano halisi kabisa wa kuilipa hofu, ulilipa ili uivae na sasa unaendelea kulipa ili usiivue.

Kwenye Matendo 19 watu wa Efeso waliokuwa wanafanya mambo ya uganga walileta vitabu vyao wakavichoma mbele ya watu wote, vikahesabiwa thamani yake vipande elfu hamsini vya fedha, na hakuna palipoandikwa kwamba mmoja wao alidhurika kwa kuvichoma. Njoo na mtu unayemwamini, tuombe, uivue mwenyewe kwa mkono wako. Hatutamtaja mganga wala hatutakusimamisha mbele ya kanisa kutoa ushuhuda kama hutaki. Na mtoto akiugua wiki ile, maana watoto wa pwani malaria wanaipata, mpeleke akapimwe, usirudi kiunoni.

Na mafuta ya upako, chumvi, maji, stika za mlangoni?

Yakobo 5 anasema wazee wa kanisa wamwombee mgonjwa na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana. Hiyo ipo, na ni bure. Kinachotusumbua ni pale chupa inapouzwa, alafu unaambiwa ikiisha ulinzi umeisha, ununue nyingine. Simoni kule Samaria alipotaka kuinunua karama kwa hela Petro alimjibu kwa ukali, "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe." Kama hirizi umeivua kiunoni ukaenda kununua nyingine yenye stika ya kanisa, bado unalipa, umebadilisha tu wa kumlipa. Tunasema hili kwa uchungu kwa sababu tunawajua akina mama wanaouza maandazi asubuhi mpaka jioni na hela inaishia huko.

Mimi najua kabisa anayeniroga, ni bibi jirani. Nimwambie mchungaji amtaje kanisani?

Hapana, na hatutafanya hivyo kamwe. Nchi hii wazee wa kike wameuawa kwa sababu tu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni miaka na miaka ya kuwapikia watoto. Sheria ya Uchawi ipo tangu enzi za Mwingereza na kumwita mtu mchawi ni kosa. Lakini hata pasingekuwa na sheria, Yesu amesema mpende adui yako na umwombee, hakusema mtafute. Mchotee maji huyo bibi. Ni ngumu kuendelea kumwogopa mtu ambaye unajua goti gani linamuuma.

Moyo unaenda mbio ghafla, natoka jasho, vidole vinakufa ganzi, nahisi nakufa sasa hivi. Niombe au niende hospitali? Nikienda si ndo nimekosa imani?

Nenda ukapimwe, na uombe njiani. Kwanza uhakikishe sio moyo, presha, sukari au upungufu wa damu, hapa mjini Bombo ndo hospitali ya rufaa ya mkoa, na kama uko nje anza na kituo cha karibu. Maumivu ya kifua yanayoshuka mkononi au kupanda shingoni usiyachezee, usisubiri mtu aje kukuombea kwanza.

Ukishapimwa ukaambiwa moyo ni mzima, basi inawezekana ni yale mashambulizi ya hofu. Yanapanda haraka, yanafika juu kabisa ndani ya kama dakika kumi alafu yanashuka yenyewe, hayaui ingawa yanahisi kama yanaua. Kaa chini. Toa pumzi polepole, ndefu kuliko unavyoivuta. Zaburi 56:3 ni fupi inaingia kwenye pumzi moja, "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe." Usikimbie pale ulipo kama hakuna hatari, kama ni sokoni baki sokoni mpaka itulie, ukikimbia kesho utashindwa kwenda sokoni, na keshokutwa hata dukani.

Hayo ya kukosa imani tusiyasikie tena jamani. Kanisa la mkoa huu limewahudumia wagonjwa wa akili tangu zamani sana: Lutindi kule wilaya ya Korogwe, milimani, wamisionari kutoka Ujerumani walianza mwaka 1896 kulea watoto waliookolewa utumwani, na tangu 1904 pakawa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili, mpaka leo ni hospitali. Zaidi ya miaka mia moja watu wanaomba asubuhi na wanawapa watu dawa mchana. Na Eliya alipochoka chini ya mretemu akaomba afe, malaika hakumkemea, alimpikia mkate, akampa maji, akamwacha alale tena. Soma 1 Wafalme 19 yote, inaponya.

Mume wangu mvuvi, akitoka Sahare usiku mimi silali mpaka arudi. Nampigia simu mpaka anakasirika.

Mama, hofu yako ina sababu, bahari inaua, na watu wa pwani hatujasahau Septemba 2011 meli ilipozama njiani kwenda Pemba. Wanafunzi nao waliokuwa chomboni na Yesu walikuwa wavuvi kabisa, wazoefu, na bado wakapiga kelele, "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?" Hakuwaambia dhoruba haikuwepo. Yeye alikuwa amelala pale pale kwenye shetri, sehemu ya nyuma, chombo kile kile, maji yanaingia.

Kwa hiyo yagawe mambo mawili. Ya kufanya, yafanyeni: asikilize utabiri wa hali ya hewa wa TMA kabla ya kutoka hasa kipindi cha kusi kali, awe na jaketi la kuokolea (sio lile la kukalia), asiende peke yake, mashine ikaguliwe. Mkubaliane simu moja tu, akifika ufukweni. Baada ya hapo, zile simu kumi za katikati ndo malipo yenyewe, ziache. Muda ule omba kwa jina lake na kwa majina ya wenzake aliotoka nao, alafu ulale, kwa sababu kukesha kwako hakukishikilii chombo, anayekishikilia hasinzii.

Nadaiwa kila kona, nikisikia mtu anabisha hodi najificha chumbani na watoto.

Pole sana. Watu wengi wa Tanga wako hapo na hawasemi. Hofu ya madeni inakua gizani, kwa hiyo leo leo chukua daftari andika kila unayedaiwa na kiasi, hata kama utalia. Mwambie mwenzi wako, kama hajui ndo kabisa mwambie. Alafu nenda wewe kwa anayekudai kabla hajaja, mwambie utaweza kiasi gani na lini, wengi wanakubali kupunguziwa kasi kuliko kukimbiwa. Usikope kulipa mkopo. Na usikatae msaada wa jumuiya, kule kwenye Matendo waumini walikuwa na vitu shirika. Wapo kwetu wanaojua mambo ya VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, na mahesabu watakaa na wewe.

Namwogopa mume wangu, ananipiga. Nimeambiwa niombe nishinde roho ya woga.

Aliyekwambia hivyo amekosea. Hofu hiyo inakwambia ukweli, isikilize. Daudi alipotupiwa mkuki na Sauli alikwepa akakimbia, na alikuwa mpakwa mafuta wa Bwana. Toka uwe salama kwanza wewe na watoto, nenda kwa ndugu, nenda Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi, na kwa mambo ya watoto kuna namba 116 ni bure. Kuomba na kusamehe utafanya ukiwa salama. Njoo kwetu tutakusindikiza, dada zetu wawili wanafanya kazi hiyo tu.

Naogopa kupima VVU.

Nenda na mtu, tutakupeleka. VVU leo ni dawa kila siku na maisha yanaendelea, na mtu akizitumia vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa tendo la ndoa. Kutojua ndo kunakula watu.

Naomba, nafunga, nasoma 2 Timotheo 1:7 kila siku, hofu haiondoki. Kwa nini?

Inawezekana unaomba kwa ajili ya hisia badala ya kuomba kwa ajili ya hatua. Unangoja usikie amani ndo uende kwenye usaili, ndo umuombe baba yako msamaha, ndo usimame kuongoza nyimbo. Petro alipotoka chomboni hakuwa ametulia, na katikati ya maji aliogopa tena, akaanza kuzama, akasema maneno mawili tu, "Bwana, niokoe," na mkono ukaja mara hiyo. Sala fupi hivyo inatosha. Mstari ule wa Timotheo wenyewe unasema tumepewa roho ya nguvu na ya upendo na ya moyo wa kiasi, hivyo vitatu ni vya kutumia ukiwa unafanya kitu.

Jaribu hivi: mwambie Mungu hofu kwa jina lake, sio "Bwana niondolee mabaya", sema "Bwana naogopa kwamba nitafukuzwa kazi na watoto watarudishwa nyumbani kutoka shule." Mwambie na binadamu mmoja. Alafu chagua kitu kimoja kidogo ambacho hofu inakukataza, ukifanye kabla jua halijazama. Usipime kama hofu imeisha, pima kama umefanya. Kuna watu hofu imepungua baada ya miezi, wapo ambao inarudi rudi miaka yote na wanamtumikia Mungu vizuri kabisa.

Naogopa kufa. Sio kuugua, kufa kwenyewe.

Waebrania 2 inasema Kristo alishiriki damu na mwili ili awaweke huru wale ambao kwa hofu ya mauti walikuwa utumwani maisha yao yote, kwa hiyo Biblia inalijua hilo na inaliita utumwa. Yesu alilia machozi akienda kaburini kwa Lazaro akijua anaenda kumfufua dakika chache zijazo, maana yake kifo ni kibaya kweli na kukichukia sio udhaifu. Tunachoshikilia ni kwamba yeye amekufa kweli na akatoka. Hatuna jibu jingine na hatutaki jingine. Kama wazo hili linakujia kila siku na unaacha kula, au umeanza kutamani kufa, usikae peke yako usiku wa leo, tupigie au mwamshe mtu wa nyumbani, kesho asubuhi tunaenda wote kwa dokta.

Shule inapeleka watoto Mapango ya Amboni, wanasema kuna mizimu. Nimkatalie mwanangu?

Muache aende. Ni mapango ya mawe ya chokaa, maji ndo yameyachimba kwa muda mrefu sana, na kuna popo. Ni kweli ndani kuna sehemu watu wanapeleka sadaka zao za mizimu, atakuuliza akirudi, mjibu bila kumtisha wala kuwadharau wanaopeleka. Ukimkatalia utakuwa umemfundisha wewe mwenyewe kulipa. Mpe viatu visivyoteleza.

Jirani yangu Muislamu ana hofu kama zangu, anaruhusiwa kuja?

Anakaribishwa, na hatumlazimishi kitu. Tunazikana, tunaalikana futari, tutashindwaje kusikilizana. Muulize tu kama angependa aombewe, akisema hapana mpe sikio.

Nije lini na nilete nini?

Jumatano saa kumi na moja jioni, au Jumapili yoyote baada ya ibada ya kwanza. Hakuna hela, hakuna fomu, hakuna mafuta ya kununua. Ukija na mtoto mchanga kuna mkeka nyuma. Na kama unaogopa kuingia kanisani kwenyewe, maana wapo, kaa nje kwenye benchi chini ya mwembe, mmoja wetu atatoka akukute hapo.